Seti ya mkia ya Yamaha XSR700: chuma safi, nyaya za kubahatisha

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kazi ya chuma kwenye seti hii naipa tisa kwa kumi. Kiti, saba. Umeme, nne, na hapo nimekuwa mkarimu. Karatasi ya maelekezo ni heri wasingeiweka kabisa. Ningeinunua tena? Ningeinunua, ila si kwa sababu walizochapisha kwenye boksi, ambako wanajinadi kwamba mtu yeyote mwenye spana anamaliza kazi kabla chai haijapoa.

Jina la mtengenezaji naliacha. Seti za namna hii zinafanana, na nitakayoyasema yatamfaa hata aliyeagiza ya kampuni nyingine. Ndani ya boksi kuna kiti kifupi chenye mgongo bapa, bamba la mkia la kubebea pleti namba, indiketa nne za LED, taa ndogo ya pleti, relei (kidude kinachofanya indiketa zipepese), usukani wa chini, mfuko wa bolti na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Kwanza pikipiki yenyewe, maana nusu ya sifa ni yake. Yamaha waliitoa XSR700 mwaka 2015 kwa kaulimbiu ya Faster Sons, na kabla haijafika madukani walimpa mjenzi Shinya Kimura injini ile ile aitengenezee pikipiki ya peke yake. Injini ni ya cc 689, silinda mbili, kamshafti... hapana, krenki ya digrii 270, ile ile ya MT-07, ndiyo maana inaunguruma kwa kusitasita kama injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V. Kinachotuhusu sisi wa gereji za nyumbani ni kwamba sehemu ya nyuma ya fremu imeshikwa kwa bolti, na mabamba ya alumini ya ubavuni mwa tangi yanavuliwa. Pikipiki za zamani ukitaka mkia mfupi unashika grainda, na ukishakata umekata. Hapa unafungua, unaweka vya kiwandani kwenye boksi, na siku ya kuuza unarudisha.

Bamba la mkia ndilo lililonifanya nitabasamu. Ni chuma kinene, kimekatwa kwa leza, kikakunjwa vizuri bila ufa kwenye kona, kikapigwa rangi ya unga nyeusi isiyong'aa. Nililisogeza kwenye fremu na matundu yakakaa yenyewe, bila kusukuma wala kuchokonoa kwa bisibisi. Waliolipima walikuwa na pikipiki hii mbele yao, hawakukisia kwa picha.

Ila walipopiga rangi hawakuziba matundu yenye nyuzi. Bolti ya M6 inaingia mizunguko miwili, inakwama. Mwenye hasira atakaza kwa nguvu na kichwa cha bolti kitabaki mkononi. Pitisha tapu ya M6 (kifaa cha kuchonga nyuzi za bolti), pichi ya milimita moja, kwa mkono, na kila inapokaza irudishe nyuma nusu mzunguko. Unga mweusi utamwagika sakafuni na baada ya hapo bolti inaingia kwa vidole. Kisha kaza kwa toku renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. M6 ya kawaida inatosheka na Nm 10 hivi, na kitabu cha pikipiki kikisema vinginevyo fuata kitabu. Tone la gundi ya bluu ya nyuzi ni lazima, kwa sababu mkia ndiyo sehemu inayotetemeka kuliko zote na ndiyo usiyoiona ukiwa unaendesha.

Kuna jaribio ambalo karatasi yao haikutaja, nami naona ndilo la muhimu kuliko mengine yote kwa mkia wowote wa dukani. Pikipiki ikiwa imesimama, kila mkia una nafasi. Swali ni nini kinatokea shokapu ikibonyea yote. Gurudumu la nyuma la XSR700 linapanda sentimita 13 hivi kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na ukipita kwenye shimo na abiria nyuma, utazitumia zote. Nililegeza springi ya shokapu hadi mwisho, nikafunga mkanda wa mizigo kutoka kwenye fremu hadi kwenye swingiamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, nikaukaza polepole hadi shokapu ikagota kwenye mpira wake. Kati ya tairi na bolti ya pleti ikabaki nafasi ya vidole viwili. Bamba limefaulu. Nimewahi kuona mkia wa mtu umeng'olewa na tairi lake mwenyewe, pleti ikaokotwa nyuma, na ule ulikuwa mzuri kwa picha kuliko huu.

Jambo dogo la bamba hilo hilo: lina jozi mbili za matundu ya indiketa. Za ndani zinaonekana maridadi zaidi, indiketa zinajificha kando ya pleti. Chukua rula kwanza. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 53, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inataka indiketa za nyuma ziachane angalau milimita 180 kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, na za mbele milimita 240. Matundu ya ndani hayafiki hapo. Ya nje yanafika. Sijui kwa nini walitoboa yale ya ndani, labda kwa ajili ya kupiga picha za matangazo.

Kiti kimetengenezwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kitako ni plastiki ngumu iliyofinyangwa, kina vidole vya mbele vinavyoingia chini ya tangi na pini ya chuma inayokutana na kufuli la kiwandani. Unasukuma, kinalia "ka", basi. Sponji ni ngumu. Mwenye kupenda kuzama kwenye kiti hatakipenda, lakini sponji laini hukudanganya dukani na kukuadhibu barabarani, kwa hiyo hii ngumu naiunga mkono. Malalamiko yangu ni mshono. Wamepita na mshono wa mapambo katikati kabisa, pale pale unapokalia, na chini yake hawakubandika utepe wa kuzuia maji. Kila tundu la sindano ni njia ya maji. Mvua ikinyesha kiti kinakunywa, kisha ukikaa kinakurudishia chote kwenye suruali. Nilivua pini za stepla upande wa chini, nikabandika utepe wa kuziba mishono kwa ndani, nikagonga stepla za chuma kisichoshika kutu. Hiyo ni kazi ambayo wao wangeifanya kwa gharama ndogo sana.

Sasa umeme. Chai waliyoiahidi inapofika hapa imeshaganda.

Karatasi inasema, kwa uhakika wote wa maandishi mazito: waya wa kijani ni hasi, wa chungwa ni indiketa ya kushoto, wa buluu ya maji ni ya kulia. Ni kweli. Kwa Honda. Yamaha wana rangi zao: nyeusi ni hasi, chokoleti ni kushoto, kijani kilichokolea ni kulia, na kahawia ya kawaida ni chanya inayotoka kwenye ufunguo. Yaani waya ambao karatasi inauita hasi, kwenye pikipiki hii ndio unaopeleka moto kwenye indiketa ya kulia. Waliandika karatasi moja kwa pikipiki zote, kisha wakaitia kwenye boksi lenye jina la XSR700.

Mdogo wangu alikuwa ananishikia taa. Yeye amekulia kwenye Honda, hivyo aliposoma pale akafurahi.

"Kaka, si nilikwambia? Kijani ni gaundi dunia nzima."

Nikampa multimita, kipimo cha umeme. Akaiweka kwenye mlio, akagusa ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa kijani, ikalia piii. Akanitazama kwa ushindi. Na hapa ndipo wengi wanapotelea, kwa sababu mlio ule haukuwa uongo. Indiketa ya mbele ya kulia ilikuwa bado na balbu yake ya kiwandani, na waya wa balbu ikiwa baridi una ukinzani mdogo mno, om moja au mbili tu. Multimita inaona njia kutoka kijani, kupitia balbu ya mbele, hadi kwenye hasi, nayo inalia kana kwamba umegusa fremu. Nikamwambia ageuze kwenye volti, afungue ufunguo, awashe indiketa ya kulia. Namba ikaanza kuruka: sifuri, kumi na mbili, sifuri, kumi na mbili.

"Basi hii Yamaha ina matatizo," akasema, akaendelea kushika taa.

Kwa kufuata karatasi, LED ya kulia ingefungwa kinyumenyume, na LED si balbu. Balbu haijali upande, LED iliyogeuzwa haiwaki. Hiyo ndiyo nafuu. Kwa zile indiketa ambazo mwili wake wa chuma ndio hasi, ungewasha kulia ukapiga shoti, fyuzi ikakatika, ukabaki unatafuta kosa mbele wakati liko nyuma. Kwa hiyo kabla hujakata chochote, washa kila kitu na upime volti waya mmoja mmoja, uandike kwenye kipande cha tepu kila waya ni wa nini. Rangi za karatasi zitumie kufutia oili.

Relei nayo ina mambo yake. Relei ya zamani imetengenezwa makusudi ipepese haraka mzigo ukipungua, ili dereva ajue balbu imeungua. Balbu ya wati 10 inavuta karibu ampea 0.83, LED ya wati moja inavuta chini ya 0.1. Relei inaona balbu zote zimekufa, inaanza kupepesa kwa wazimu. Ndiyo sababu seti ina relei yake, na wazo hilo ni sahihi. Tatizo ni kwamba relei waliyoileta inatulia injini ikiwa imezimwa, lakini ukiwasha injini na chaji ikipanda juu ya volti 14, nayo inapanda kasi. Kiwango kinachokubalika ni kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Nilihesabu kwa saa, ikapita 120. Nimeitoa nikaweka relei ya kielektroniki yenye waya wa tatu wa hasi, isiyojali mzigo ni mkubwa au mdogo, na tangu hapo imetulia.

Wapo watakaokushauri uache relei ya kiwandani na kufunga rezista, kidude cha kuongeza mzigo wa umeme, kwa kila indiketa. Inafanya kazi, sikatai. Lakini rezista ya om 10 kwenye volti 12 inageuza wati 14 kuwa joto kila inapowaka, na watu wanaizungushia tepu na kuificha chini ya kiti cha plastiki. Umenunua taa za kupunguza mzigo wa umeme, kisha unalipia mzigo ule ule kwa kuchoma hewa. Kama huna budi, ifunge kwenye chuma kitupu, mbali na waya na plastiki.

Kwa pikipiki zenye taa moja tu ya ishara ya indiketa kwenye dashibodi, tegemea kioja kingine: ukiwasha kushoto zinawaka zote nne. Taa ile ya dashibodi hukaa katikati ya pande mbili, na hutumia balbu za upande wa pili kama njia ya kwenda kwenye hasi. LED zinahitaji umeme kidogo mno, kwa hiyo ule uliokuwa ukipita bila kuonekana sasa unatosha kuziwasha. Dawa yake ni daiodi mbili, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na waya mmoja wa hasi. Daiodi ya 1N4007 inatosha kabisa, na ni kidude kidogo karibu kama punje ya mchele.

Wenye pikipiki zinazotumia mtandao wa CAN, kama BMW na Triumph nyingi za sasa, hadithi yenu ni tofauti. CAN, ambayo Bosch waliitambulisha mwaka 1986, inapitisha mazungumzo ya pikipiki nzima kwenye nyaya mbili zilizosokotwa, na mara nyingi relei ya kubadilisha haipo kabisa. Kompyuta ndiyo inayopepesa taa na ndiyo inayolalamika kwenye dashibodi kwamba balbu imekufa. Seti ya bei yoyote isiyosema neno juu ya hilo iacheni. Na nyaya hizo mbili zilizosokotwa msizichubue kuiba umeme wa taa.

Taa ya pleti iligoma kabisa mwanzoni. Hasi yake haina waya, inategemea bolti na bamba, na bamba limepakwa rangi ya unga, ambayo ni kihami kizuri sana. Ungeweza kukwangua rangi chini ya washa hadi chuma kionekane, lakini chuma kikibaki kitupu hapo kutu inaanzia hapo hapo. Nilivuta waya mweusi hadi kwenye hasi ya kiwandani. Waya wa sentimita ishirini, ambao wao waliona waubanie.

Viunganishi vya nyaya za indiketa ni vyembamba kuliko vya Yamaha. Vinaingia, vinacheza, vinatoka. Nilivikata nikabana vipya vya ukubwa unaostahili kwa koleo la kubania viunganishi, lile lenye meno mawili yanayokunja masikio ya kiunganishi kuelekea ndani. Koleo la kawaida linakibonda tu. Wengine wanapenda kulehemu, na kwa redio ya mezani sina neno. Kwenye pikipiki risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, kisha mtetemo unauvunja waya pale ugumu unapoishia, ndani ya mpira, mahali usipopaona.

Usukani nitaupitia haraka kwa sababu ni mzuri. Kipenyo ni milimita 22, sawa na wa mwanzo, mikato ya kushikia iko mahali pake, rangi yake iko sawasawa. Hakikisha mambo matatu tu. Sanduku la swichi lina pini ndogo ya plastiki inayoingia kwenye tundu la usukani, na usukani mpya hauna tundu. Wengi wanaikata pini. Usiikate; weka alama, toboa, vinginevyo siku moja utavuta akseleta na swichi yote izunguke nayo. Pili, usukani wa chini unasogeza kopo la mafuta ya breki karibu na tangi, kwa hiyo pindisha kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho kabla hujakaza chochote, uone kama kuna kinachogusa. Tatu, washa injini ikiwa kwenye mlio wa chini, gia ikiwa huru, upindishe tena pande zote. Injini ikipanda mlio bila wewe kugusa akseleta, kebo imebanwa au imevutwa, na hupaswi kutoka nje ya gereji na hali hiyo.

Paipu za breki zilibaki na nafasi kwa sababu usukani umeshuka. Anayetaka wa juu ajipange: paipu ndefu zaidi, kutoa mafuta, kutoa hewa, na kwenye pikipiki yenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukishika breki, hewa ikiingia kwenye moduleta yake inaweza kuhitaji kifaa cha uchunguzi kuifukuza. Mafuta ya breki ya DOT 4 yanakula rangi, funika tangi.

Walinipendekezea pia filta mbili za wazi za kuondoa boksi la hewa. Sikuzichukua. Boksi la hewa la pikipiki inayopuliziwa petroli kwa sindano, si kabureta, limepimwa urefu na ujazo wake ili kusaidia nguvu ya katikati, na kompyuta ya injini inakadiria mafuta ikitegemea hewa inayopita pale. Ukilitoa bila kuandika upya ramani ya mafuta, injini inabaki na njaa ya petroli, hasa unapofungua akseleta kwa ghafla. Utapata mlio, nguvu hutapata.

Basi nani aichukue? Mwenye XSR700 anayetaka mkia safi na asiyeogopa multimita, aichukue hata kesho. Ambaye hana multimita atafute seti isiyo na umeme, bamba na kiti pekee, abaki na indiketa za kiwandani. Bamba linazipokea bila tatizo, nimejaribu. Indiketa zao zenyewe si mbaya, zina herufi E ndani ya duara, alama ya kuidhinishwa, na mwanga wake unaonekana mchana, tatizo ni kila kitu kinachozizunguka.

Niliwaandikia kuhusu relei na karatasi. Relei nyingine walituma bila ubishi, na imefanya vile vile kama ya kwanza. Kuhusu waya wa kijani walinijibu kwamba wanashukuru kwa maoni yangu. Ukiagiza, fungua karatasi kwanza kabla ya mfuko wa bolti: kama bado inasema kijani ni hasi, ujue hawajaisahihisha.